Sehemu ya Pili Haikufika Liuli

Jumapili, tarehe 16 Juni. Ukungu umelala juu ya Mbinga tangu asubuhi na mpaka sasa haujainuka. Manyunyu yanadondoka bila kuwa mvua. Nguo nilizofua juzi bado zimelowa.

Ijumaa nilifunga banda langu la video, na safari hii sitalifungua tena. Vijana wa ng'ambo ya barabara, wale wanaowawekea watu muvi kwenye flashi, walikuja kunisaidia kutoa mabenchi. Mmoja wao akasema, "Mama Koleta, andika basi jinsi mlivyokuwa mnafanya. Sisi tukiwasimulia wateja wanadhani tunawatania."

Nikamwambia mimi ni darasa la saba, tena la saba la kule kijijini kwetu Ruanda, hapa hapa Mbinga, ambako mvua ikinyesha mwalimu anasema nendeni nyumbani. Akasema kwani yeye ameomba barua ya serikali? Basi naandika. Nisipokuwa na hakika na jambo nitasema. Habari za nani alilipwa nini nimeziacha, hazimfundishi mtu kazi.

Nilianza kwa Mzee Abdala, aliyekuwa na duka la vitenge na sabuni karibu na stendi. Baba yake alitoka pwani, yeye mwenyewe alizaliwa hapa hapa na Kimatengo alikisema kuliko sisi. Ilikuwa miaka ya ruksa, vitu tulivyokuwa tukivisikia kwa majina tu vilipoanza kupangwa kwenye rafu. Mzee Abdala hakuishia kwenye sabuni. Alileta televisheni, deki na jenereta, akatoa magunia kwenye ghala la nyuma, akapanga mbao juu ya matofali, madirishani akatundika mablanketi. Hilo ndilo lilikuwa banda la video.

Mimi nilikwenda kuomba kazi ya kufagia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Umeme unaujua?"

"Siujui mzee."

"Vizuri. Wanaoujua ndio unaowaua."

Akaniweka mlangoni nikate tiketi. Siku hiyo hiyo deki ikala mkanda. Banda lilikuwa limejaa, wengi wametoka mashambani na matope miguuni. Steringi, yule shujaa wa picha, alikuwa ameruka, yuko hewani, mguu umenyooka, hajamfikia adui. Picha ikasimama hapo, ikaanza chenga, ikazimika. Watu wakapiga kelele: "Mshusheni! Mshusheni mtoto wa watu, atapata baridi huko juu!"

Mzee Abdala alishika bisibisi lakini hakujua aanzie wapi. Nikamwomba nijaribu. Sikuwa na ujuzi wowote, ila nyumbani tulikuwa tunasuka vikapu, vidole vyangu vimezoea vitu vyembamba. Ndani ya deki nikakuta utepe umejisokota kama utumbo wa kuku. Nikautoa taratibu, nikakata kipande kilichoharibika, nikaunga kwa selotepu. Picha iliporudi adui alikuwa ameshalala chini. Teke lenyewe lilikuwa kwenye kile kipande nilichotupa. Watu walishangilia vile vile. Mkanda ule tuliuonesha kwa miaka, na kila mara adui anaanguka bila kuguswa. Sikumbuki mteja hata mmoja aliyelalamika.

Kesho yake Mzee Abdala akatafuta mtu mwingine wa mlangoni.

Kwa wanaopenda kujua ufundi: deki inakufa kwa vumbi na kwa haraka. Hedi, kile kichwa kinachosoma mkanda, unaisafisha kwa spiriti na kitambaa kilichochakaa, kipya kinaacha nyuzi. Unafuta upande mmoja tu, huendi na kurudi. Mkanda ukitoka kwenye baridi ya hapa Mbinga usiuingize upesi, uache kwanza upate joto la chumba, la sivyo unanata. Mengine hayawahusu, picha zenu ziko kwenye simu.

Lakini aliyenifundisha kazi hasa ni mtafsiri. Picha za kareti zilikuja na maneno ya Kichina, chini zimeandikwa Kiingereza, na Kiingereza chenyewe nusu kimekatwa na ukingo wa televisheni. Hakuna banda lililoweza kufanya kazi bila mtu wa kueleza. Wetu alikuwa Agustino, Mnyasa wa Liuli, kule ziwani. Kabla ya hapo alikuwa mnadi wa mitumba. Alisimama pembeni ya televisheni na spika yake ya betri, ile ile ya mnadani. Watu walimwita Tarumbeta. Mimi nilimwita kaka Agustino.

Kichina hakukijua, na hakuna aliyedhani anakijua. Asubuhi kabla ya onyesho alitaka kuiona picha nzima peke yake, sauti imezimwa. Nilimwuliza kwa nini azime sauti. Akasema, "Kichina kitakudanganya. Utadhani wanagombana kumbe wanasalimiana. Tazama mabega. Mabega hayana lugha." Alikaa pale anakula muhogo wa kuchemsha, akimaliza anajua nani kaka wa nani, nani kamwua nani, nani anamtaka binti wa nani. Kama alikosea sijui. Labda alikosea kila siku.

Steringi alimpa jina la mtu wa pale tulipo. Tukiwa Mbinga mjini anaitwa Kasiani au Ditrami, tukiwa Ruanda anapewa jina la ukoo wa Ruanda. Naona kama namsikia:

"Huyu mnayemwona ni Kasiani. Katoka Liparamba kwa miguu, tangu jana hajala. Yule mwenye ndevu nyeupe ni mwalimu wake. Anamwambia, mwanangu, kareti siyo ya kupigia watu kilabuni. Mkeo akikukasirikia, toka nje ukapasue kuni."

"Tarumbeta!" mtu anapiga kelele kutoka nyuma. "Mdomo wa mzee umefunguka mara moja tu, maneno yote hayo umeyatoa wapi?"

"Kichina ni kifupi, shemeji. Keti."

Adui hakumpa jina la mtu. Alisema ukimpa adui jina, kesho kuna ugomvi kisimani. Miaka ile walipoingia wanunuzi binafsi wa kahawa na mizani yao, akaanza kumwita adui "Mnunuzi". Steringi akimpiga, banda linakaribia kuanguka. Mzee Abdala akamkataza, kwa sababu mmoja wa wanunuzi hao alikuwa amepanga kwake. Lazima nami niseme kwamba si wote walipunja. Kuna waliowapa watu fedha mkononi siku ile ile, wakati chama cha ushirika kilikuwa kinawaambia wasubiri. Lakini kwenye picha lazima adui awepo.

Na kulikuwa na sheria ambayo haikuandikwa popote, kwamba steringi hafi. Mtu akiingia amechelewa, swali lake la kwanza ni "Steringi yupi?" Akishaoneshwa, anatulia. Steringi atapigwa, atatupwa mtoni, atachomewa nyumba, lakini mteja ameshakaa kwa amani, kwa sababu anajua. Nadhani hicho ndicho tulichokuwa tunauza. Mateke yalikuwa nyongeza tu. Lakini haya ni mawazo yangu mimi, sikuyasoma mahali.

Msimu wa kahawa ukiisha, Mbinga inakauka fedha, nasi tulishuka ziwani. Mzee Abdala alitukabidhi mitambo ya pili, mimi na kaka Agustino tukaifuata juu ya lori, nimekumbatia televisheni iliyofungwa kwenye godoro. Kule Liuli tulikodi chumba kirefu cha udongo, mwendo mfupi kutoka ufukweni.

Ziwani kalenda ni mwezi. Usipa, wale dagaa wa ziwani, wanavuliwa gizani kwa karabai. Mbalamwezi ikitoka samaki hawafuati taa, wavuvi wanabaki nyumbani na hawana la kufanya. Basi mwezi mpevu ndio ulikuwa msimu wetu. Mwanzoni mimi sikulijua hilo, nilibandika tangazo siku za giza, tukawaonesha picha mabibi watatu na mbwa. Kaka Agustino aliniacha nijifunze mwenyewe, akaifanyia picha ile tafsiri kamili mpaka mwisho, mbwa akiwa amelala.

Huko alikuwa nyumbani. Wengi wa waliokaa kwenye zile mbao walimjua tangu utoto. Mbele kabisa alikaa Bi Edna, muuza vitumbua, ambaye wanawe wote ni wavuvi. Alikuja na kigoda chake. Alikuwa rafiki wa marehemu mama yake kaka Agustino, kwa hiyo ndiye pekee asiyemwita Tarumbeta.

Sasa nifike kwenye kuharibika kwa kazi. Mnaniuliza ilikufa lini. Sijui siku. Kilichoanza ni mikanda. Tulikuwa tunaifuata kwa muuzaji mmoja Songea, na zamani tukifika alikuwa na mizigo mipya hata hajaifungua. Halafu mipya ikawa michache. Halafu ikawa ya zamani ndani ya maganda mapya: nje kuna Mchina mwenye upanga, ndani ni ile picha tuliyoionesha mpaka watoto wa shule wanaiigiza. Nakala ilitolewa kwenye nakala, nayo kwenye nakala, mpaka sura zikawa kama watu wanapigana ndani ya uji. Niliisafisha hedi mpaka ikaisha, nikidhani kosa ni langu.

Picha mpya zilizokuja nazo zilikuwa na ugonjwa wake. Wale mabingwa tuliowajua walikuwa wamezeeka. Walivaa suti, wanaendesha magari, wanashika bastola. Kijana mmoja wa Ruanda alisimama katikati ya picha akasema, "Sasa kama ana bunduki, mwalimu alimfundisha nini muda wote ule?" Akatoka. Kwenye nyingine watu walikuwa wanapaa juu ya miti kama kware, mtu anaona kabisa wamefungwa kamba. Muuzaji wa Songea alisema huko kwenyewe wanakotengeneza mambo yamekwenda vibaya, wenye makampuni wanafunga, watu wanabaki nyumbani wanatazama mikanda ya wizi. Sikumwambia kwamba mikanda yetu yote ilikuwa ya namna hiyo. Naye ndiye alikuwa anatuuzia.

Ndipo ikaja ile picha. Tuliichukua Songea ikiwa mpya kweli, ganda na utepe, na tukafurahi. Lori likakwama kwenye mteremko wa kwenda ziwani, tukashinda pale siku nzima tukipanga mawe chini ya matairi. Tulipofika Liuli mwezi ulikuwa mpevu na watu walikuwa wameshaketi. Kaka Agustino hakupata nafasi ya kuiona kwanza. Alisema, "Kareti ni kareti. Washa."

Ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizoziona katika kazi hii. Steringi alikuwa kijana mwembamba, anatumia mkono wa kushoto, anacheka kidogo. Kaka Agustino akamwita Alfeji, mtoto wa Liuli aliyekwenda kufanya kazi mbali na anajaribu kurudi kwao. Sijui kama ndivyo picha ilivyosema. Lakini njia nzima ya yule kijana akaifanya njia ya kurudi Liuli, kila mto ukawa na jina, na watu wakawa wanaitikia: "Eee, hapo avuke kwa juu!"

Mwishoni Alfeji anawashinda wote, amechoka, anatembea. Halafu mtu mmoja aliyekuwa amelala kati ya maiti anainuka na kumchoma mgongoni. Anaanguka. Kamera inamtazama usoni muda mrefu. Macho yako wazi. Kisha maandishi yakaanza kupanda.

Hakuna aliyeinuka kutoka kwenye mbao.

"Agustino," Bi Edna akasema kutoka kwenye kigoda chake. "Mwanetu vipi?"

Nilimwona kaka Agustino anaitazama spika mkononi mwake. Akaiinua. "Hajafa. Amezimia tu. Sehemu ya pili inakuja."

Watu wakavuta pumzi. Wakacheka, wakapigana mabega, wakatoka wanazungumza. Na mimi nilifurahi, ninakiri. Nilidhani ameokoa siku.

Mwezi uliofuata nikabandika tangazo kama kawaida. Watu wakaja, wakasoma, wakasimama nje.

"Hii ni sehemu ya pili?"

"Siyo, lakini ni kali."

"Basi tutasubiri."

Hakuna aliyetukana. Walikaa ukutani wakipiga soga, wengine wakaniletea samaki. Kuingia hawakuingia. Mwezi mwingine ulipofika ikawa vile vile. Bi Edna alinieleza kwa upole kama mtu anayemweleza mgeni: "Mwanangu, hatuwezi kukaa tunatazama watoto wa wenzetu, na wa kwetu tumemwacha barabarani amelala."

Mzee Abdala alikuja mwenyewe kutoka Mbinga, akatazama mabenchi matupu. Hakuwa mtu mbaya, na jenereta isiyofanya kazi ni chuma. Akamwambia kaka Agustino, "Umeahidi, basi lete. Mwezi ujao banda likiwa tupu nabeba vitu vyangu."

Tukapanda Songea. Muuzaji akasikiliza mpaka mwisho, akacheka mpaka akakaa. "Sehemu ya pili? Hao waliotengeneza ya kwanza wamefunga. Na mtu akishachomwa vile, ya pili atakuwa nani, mzimu?" Alipoona kaka Agustino hacheki akatupatia soda.

Kwenye lori la kurudi nilimwambia, "Kaka, tuwaambie tu." Tulikuwa tumeanza kuliona ziwa. Akasema, "Wale wamenizaa, Koleta. Wa Mbinga wakinitukana nitahama. Wale nihamie wapi?"

Basi tukatengeneza. Nilipekua mikanda yote chakavu, nikapata picha moja ya zamani yenye kijana mwembamba anayefanana naye kwa mbali, hasa kwa uchakavu wa nakala. Mwanzoni mwake nikaunga kipande cha mtu aliyelala kwenye kibanda cha nyasi anapewa dawa na kizee. Niliunga vizuri. Sijawahi kuunga vizuri kama siku ile, na picha ilivuka pale kwenye selotepu bila hata kuruka.

Banda lilijaa mpaka wengine wakakaa madirishani. Kaka Agustino alianza kwa sauti yake yote: "Alfeji ameamka! Kizee huyu amempa majani, amemwambia, mjukuu wangu, kidonda kimekauka, nenda kwenu." Watu wakashangilia, mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Kijana akatoka kibandani, akakutana na adui wa kwanza, wakapigana. Akakutana na wa pili.

Bi Edna akasimama. Alikwenda mpaka kwenye televisheni, akainama, uso karibu kugusa kioo. Watu wakasema, "Mama, tunakuona wewe tu!" Hakujali.

"Agustino, punguza kelele hizo. Alfeji ni wa kushoto. Huyu anapiga kwa kulia."

"Mama, amejeruhiwa, sasa anatumia..."

"Alichomwa mgongoni. Mkono ulikuwa na kosa gani?"

"Labda amepona vibaya!" mtu akasema kutoka dirishani, na wengine wakacheka. Kaka Agustino angeweza kupita hapo hapo kwenye kicheko kile. Alikuwa mnadi, nilimwona akiuza koti lenye mkono mmoja likagombaniwa. Alinitazama. Nikadhani ananitaka nizime, nikazima.

Aliweka spika chini. Kwa sauti ya kawaida, ambayo kwenye banda hatukuwahi kuisikia, akasema: "Amekufa. Alikufa siku ile ile mliyomwona. Sehemu ya pili haipo. Waliokuwa wanatengeneza picha hizi hawatengenezi tena."

Nilijua watavunja televisheni, nikasimama mbele yake. Hakuna aliyerusha kitu. Mzee mmoja wa nyuma alivua kofia. Halafu wakaanza kutoka, mmoja mmoja, na wanaume wakipita kwa kaka Agustino wanampa mkono: "Pole." "Pole sana, Agustino." Wakati ule niliamini wanamdhihaki. Baadaye nikaamini hawamdhihaki. Leo sijui, na pengine wao wenyewe kila mmoja alikuwa na lake.

Bi Edna alitoka wa mwisho, na kigoda chake. "Ungetuambia siku ile tungelia naye, tukalala, kesho tukaja kwenye picha nyingine," akasema. "Umetuweka matangani miezi yote hii bila kutuambia kuna msiba."

Mwezi uliofuata hawakuja hata kusimama nje. Sitaki kuweka yote juu ya maneno ya kaka Agustino. Mwaka ule usipa walikuwa wachache, bei ya kahawa ilianguka na huku juu mabanda yalikuwa yanafungwa pia, na tajiri mmoja wa ufukweni alikuwa amefunga dishi anaonesha watu taarifa ya habari bure. Banda la Liuli lingekufa. Lakini labda lingekufa kwa njia nyingine.

Tulipopakia vitu kaka Agustino alinisaidia kuifunga televisheni kwenye godoro. Akasema atakuja na gari la kesho yake. Hakuja.

Mimi niliendelea Mbinga. Watafsiri tena hatukuwahitaji, mikanda ilianza kuja na tafsiri imeshatiwa ndani, kijana wa mjini anaongea haraka, mzaha mmoja kwa nchi nzima. Halafu zikaja sidii, nikaweka bisibisi kabatini. Halafu picha za Wanaijeria, ambazo mama zao wote wanalia. Halafu za kwetu. Mzee Abdala alipofariki wanawe waliniachia banda, na miaka ya mwisho nimekuwa naonesha mpira, ambao hauhitaji kutafsiriwa na hata mimi mwenyewe siufuati. Kareti niliwahi kuiweka tena mara moja. Vijana walicheka pale ambapo baba zao walikuwa wanashika vichwa.

Nilishuka Liuli miaka kadhaa baada ya banda la kule kufungwa, kumtazama kaka Agustino. Ilikuwa wakati ule mbaya wa ugonjwa, hakuna aliyeutaja kwa jina, na kila kijiji mwambaoni kilikuwa kinachimba makaburi. Nilimkuta kwake anatengeneza kandambili. Amekonda, lakini sauti ilikuwepo. Nikamwuliza anafanya kazi gani sasa.

"Napeleka misiba," akasema.

Mtu akifa pale, ndugu zake wametawanyika kando ya ziwa lote, na hawazikwi watu kabla ndugu hawajasikia. Lazima aende mtu, kwa mtumbwi au kwa miguu, asimame uani kwa watu na kusema. Zamani alitumwa kijana yeyote wa jirani, na vijana wanaogopa, wanasema mgonjwa amezidiwa, njooni upesi, watu wanabeba uji na machungwa na kufika wanakuta kaburi limeshachimbwa. Misiba ilipozidi wazee wakaona hapana, atafutwe mtu mmoja. Bi Edna ndiye aliyelitaja jina lake. Aliwaambia, huyu akisema mtu amekufa, amekufa.

Nikamwuliza kama aliona ni heshima au ni adhabu. Akasema, "Mwanzoni niliona ananikomoa. Halafu yeye mwenyewe akafiwa na mwanawe wa pili, nikapita mlangoni kwake mimi. Nikasema. Akasema asante." Akakaza kamba ya kandambili kwa meno. "Kule kwenye picha, Koleta, majina yote niliyabuni. Hapa sibuni hata moja."

Hatujamaliza kuzungumza akaja mwanaume akasimama mbali kidogo, kama wanavyosimama wenye msiba. "Kaka Agustino, unahitajika."

"Nani?"

Yule akamtajia jina, na la baba yake. Kaka Agustino akalirudia kwa sauti ndogo, na la baba, akauliza kama ndivyo, akaambiwa ndivyo. Akafunga vifungo vya shati mpaka juu, akavaa zile kandambili, akashika njia ya ufukweni.

Sasa giza limeingia na ukungu bado upo. Jioni mimi na mume wangu tumekula ugali na maharage. Kuni ni mbichi, maharage yamebaki magumu.